Jumla ilikuwa sawa: kisa cha meneja kijana katika chama cha tumbaku, Urambo

Kisa hiki kilitokea katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, mkoa wa Tabora. Chama sikitaji jina, wala wahusika siwataji, kwa sababu wote wapo na bado wanakutana sokoni na kusalimiana njiani. Msimu huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine nilisimuliwa na meneja na karani wa ghala, kila mmoja kwa wakati wake. Nimekiandika kwa ajili ya vijana wanaotoka chuo na kukabidhiwa ofisi yenye watu wa umri wa baba zao.

Meneja alikuwa na miaka 27. Alisomea mambo ya ushirika Moshi, akafanya kazi ya muda Tabora mjini, kisha bodi ya chama ikamwajiri. Karani wa ghala alikuwa na miaka 58, elimu yake darasa la saba, na kwenye ghala lile alikuwa amekaa miaka 19. Kwa cheo, kijana alikuwa juu yake. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa tatu.

Kwa asiyejua jinsi tumbaku inavyolipwa, mkulima wetu hanunui mbolea kwa fedha taslimu. Chama kinakopa benki kwa niaba ya wanachama, mbolea za NPK na CAN zinashushwa ghalani, na kila mkulima anachukua mifuko kulingana na ekari zake, anasaini au anaweka dole gumba kwenye kitabu cha karani. Majani yakishakaushwa kwenye bani, yakapangwa madaraja na kufungwa marobota, yanapelekwa sokoni. Mteuzi anatoa daraja, robota linapimwa, na msimu huo kampuni ililipa kwa dola kwenye akaunti ya chama. Benki inakata mkopo wake kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, na kila mkulima anakatwa gharama ya mifuko aliyochukua. Kazi ya meneja ina mambo mengi, lakini kiini chake ni hicho: kujua nani alichukua mifuko mingapi.

Miaka yote hiyo jibu lilikuwa kwenye kitabu cha karani, kile chenye nakala za karatasi ya kaboni. Kijana alipofika alikuja na kompyuta yake ya mpakato. Alikaa nayo usiku kadhaa, akaingiza majina yote, namba za wakulima, marobota na mifuko. Malipo yaliyokuwa yakichukua karibu mwezi yakakamilika kwa siku tisa. Bodi ilifurahi, na sisi wa kamati tulifurahi. Kitabu cha karani kikaingia kabatini. Hakuna aliyemwambia mzee yule kwamba kitabu chake hakihitajiki tena. Siku moja tu alitambua kwamba watu wameacha kumwomba.

Kosa lilitokea katika soko la pili la msimu, mwezi wa sita. Kitongoji kimoja kilikuwa na wakulima 41 kwenye karatasi yao peke yake. Meneja alitaka majina yapangwe kwa alfabeti ili benki isihangaike kuyatafuta. Kwenye jedwali lake alikuwa ameacha safu moja tupu, kati ya upande wa majina na marobota na upande wa mifuko ya mbolea, ili karatasi isomeke vizuri ikichapwa. Waliotumia Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, wanajua kinachofuata: ukiamuru ipange, inapanga kipande kilichoungana tu, na safu tupu inahesabika kama ukuta. Majina yakahama na marobota yao. Mifuko ikabaki pale pale ilipokuwa.

Wakulima tisa waliangukia namba ile ile waliyokuwa nayo, kwa bahati. Waliobaki 32 wakabeba madeni ya wenzao: 15 walikatwa zaidi ya walichochukua, 17 walikatwa pungufu. Na jumla ilikuwa sawa. Watu wakichanganya viatu mlangoni mwa msikiti, idadi ya jozi haipungui hata moja, lakini watarudi nyumbani na viatu visivyo vyao. Benki ilipata mkopo wake wote. Kamati ya usimamizi, nami nikiwemo, tuliangalia mstari wa mwisho, tukaona umelingana, tukasaini. Hilo nimelibeba tangu siku ile.

Wa kwanza kuja ofisini alikuwa mama mjane mwenye ekari moja. Alichukua mifuko minne, akakatwa kumi na mmoja. Meneja alifungua kompyuta akamwonyesha. "Mama, hapa inasoma kumi na mmoja."

"Mwanangu, kumi na mmoja ningeiweka wapi?"

Hakupata jibu. Akaenda ghalani kwa karani. Karani alitoa kitabu kabatini, akatafuta ukurasa, akaingia nacho ofisini wakiwepo wakulima wengine wawili wanaosubiri. Aliweka kitabu mezani kikiwa wazi. "Meneja, huyu mama alichukua minne. Dole lake hili hapa."

Kijana hakuinua macho. Alisema: "Kompyuta haikosei, mzee. Jumla yangu imelingana na ya benki."

Karani alifunga kitabu akatoka.

Kisa kinaanzia hapa hasa. Kukosea safu ni ajali, inaweza kumpata mtu yeyote aliyefanya kazi usiku wa manane. Jibu lile lilikuwa uamuzi. Na tangu asubuhi ile karani aliacha kumwita "mwanangu" wakiwa wawili, kama alivyozoea. Alimwita "Bwana Meneja" popote walipokuwa, hata chooni wanakonawa mikono.

Zikapita siku 12. Katika siku hizo walikuja wengine sita, wote wakiambiwa kwamba malalamiko yao yatashughulikiwa. Wale 17 waliopata zaidi hawakuja, na siwalaumu sana. Mkulima anayeuza tumbaku hajui bei ya robota lake mpaka mteuzi aliandike daraja, na dola inapanda na kushuka, kwa hiyo fedha ikizidi kidogo anamshukuru Mungu na kulipa madeni. Kumbe upande mmoja unalia, upande mwingine unanyamaza, na meneja anausoma ukimya ule kama ushahidi kwamba karatasi yake iko sawa.

Aliyemfungua macho alikuwa mkulima wa rika lake, ambaye walicheza naye mpira. Alimwambia bila ugomvi: "Hii mifuko niliyokatwa ni ya jirani yangu. Namjua, nilimsaidia kuibeba." Meneja alirudi kwenye jedwali, akatazama jina la huyo jirani, akaiona ile safu tupu. Aliniambia baadaye kwamba masikio yalimlia. Aliniambia pia, na namheshimu kwa kuniambia, kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kurekebisha karatasi usiku huo huo, kuchapa upya na kusema benki ndiyo iliyochelewesha mambo.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Badala ya kufanya hivyo, alichukua tochi akaenda nyumbani kwa karani.

Vijana wengi ninaowasimulia huniuliza kwa nini hakwenda kwanza kwa mwenyekiti, aliye juu yake. Kuna jibu la kazi na kuna jibu la utu. La kazi ni kwamba alikuwa haamini tena kitu chochote kwenye kompyuta, na namba za kweli zilikuwa sehemu moja tu, kwenye kile kitabu. La utu ni kwamba mtu wa kwanza kukosewa, kabla hata ya yule mama, alikuwa karani. Angemwendea mwenyekiti kwanza, mzee angeitwa Jumatatu kuja kuthibitisha, kama shahidi kwenye kesi ya mtu mwingine.

Alimkuta anakula. Alimwamkia, akakataa kukaribia chakula, akasema: "Mzee, uliniambia nikakujibu vibaya. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi." Karani hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliita mjukuu alete taa, akanawa mikono, wakatoka pamoja kwenda ofisini kuchukua kitabu. Walikaa mpaka karibu saa nane usiku wakipitia jina kwa jina, mmoja anasoma, mwingine anaandika.

Katikati ya kazi ile walifika kwenye ukurasa ambao karatasi ya juu na nakala yake hazikulingana. Mkulima mmoja aliandikwa mifuko minane, lakini nakala ya chini ilionyesha sita, na karani mwenyewe alikumbuka kwamba ni sita. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hili ni langu." Wakaliandika kwenye orodha moja na makosa mengine.

Nimeyafikiria sana maneno yale matatu. Siku 12 nyuma, mzee yule asingeyasema. Ofisi ambayo mkubwa wake anasema chombo chake hakikosei ni ofisi ambayo kila mtu anaficha kosa lake, maana nani atakubali kuwa yeye peke yake ndiye anayekosea? Meneja alipokiri lake, lililokuwa limejificha kwa karani likatoka bila kuulizwa. Hakuna ukaguzi ambao ungelipata. Mkaguzi wa hesabu anakuja mara moja kwa mwaka na anafuata karatasi, na karatasi ya juu ilisema nane.

Jumapili walikwenda wote wawili kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashauri jambo lenye busara yake: msiseme. Soko la tatu linakuja, tutasawazisha humo humo. Aliyekatwa zaidi tunampunguzia, aliyekatwa pungufu tunamwongezea, kila mtu anapata haki yake na chama hakichafuki. Alihofia vurugu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Huku kwetu kuna vyama vilivyovunjika kwa neno moja lililosemwa mkutanoni. Watu wamekwisha kuumia kwa dhamana ya pamoja, pale aliyezalisha vizuri anapokatwa ili kufidia deni la mwenzake aliyeshindwa, kwa hiyo neno "makato" peke yake linatosha kuamsha hasira ya miaka.

Karani ndiye aliyejibu. Alisema yule mama ana vibarua wawili wa msimu kutoka Kasulu wanaosubiri ujira wao ili warudi makwao. Kila siku wanayokaa wanakula kwake, na soko la tatu ni baada ya majuma kadhaa. Mwenyekiti alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Basi mtasema wenyewe."

Mkutano ulifanyika kitongojini, chini ya mwembe, Jumatano alasiri. Walikuja karibu wote 41, na wengine wasiohusika. Nilikuwepo. Mwenyekiti alifungua kwa maneno machache akamwachia meneja, ambaye alisimama na karatasi mkononi bila kompyuta. Alisema: "Kosa nimelifanya mimi. Mzee karani aliniambia mapema, sikumsikiliza."

Kati ya sentensi zile mbili, ya pili ndiyo iliyowatuliza watu. Kila mmoja pale alikwisha kuisikia habari ya kitabu kilichofungwa, kwa sababu wale wakulima wawili waliosubiri ofisini walikuwa na midomo. Angesema ya kwanza tu, wangesubiri aongeze nyingine, na asingeongeza, na kila namba ambayo angeisoma baada ya hapo ingekuwa na doa. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti: "Mwizi!" Meneja hakumjibu. Alianza kusoma: jina, mifuko iliyochukuliwa, mifuko iliyokatwa, tofauti. Karani alikaa kwenye kigoda pembeni yake, kitabu kikiwa magotini, na mtu akibisha alimwita aje aone dole lake. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Alipofika kwa wale waliopata zaidi, mzee mmoja alisimama kabla hajatajwa, akasema: "Mimi niliona zimezidi. Nilidhani daraja limepanda." Watu wakacheka, na kicheko kile kilisaidia kuliko hotuba.

Fedha ilikuwa ngumu kuliko maneno. Wale 17 wengi walikwisha kuzitumia, na huwezi kumtoa mtu fedha ambayo ameshanunulia bati. Bodi ilikaa, ikashauriana na afisa ushirika wa wilaya, ikakubali kuwalipa wale 15 mara moja kutoka kwenye ushuru wa chama, kisha kuwakata wale 17 katika masoko yaliyobaki. Yule mama alilipwa juma lile lile na vibarua wake wakapanda gari. Kwa wale 17, 14 walikatwa bila tatizo. Wawili walikuwa wamemaliza kuuza, wakakubali kulipa msimu unaofuata, na mmoja kati yao kweli alilipa. Wa mwisho alihamia upande wa Kaliua na hakuonekana tena. Hasara hiyo ilipelekwa mkutano mkuu, ikajadiliwa kwa ukali, ikapokelewa. Wapo waliopiga kura ya kutaka meneja aondolewe, na hawakuwa wachache.

Meneja alijitolea kulipa hasara ile kutoka kwenye mshahara wake. Sisi wa kamati tulitaka kumkubalia, ilionekana uungwana. Karani alipinga. Alisema, "Akilipa yeye, mwakani kila hesabu ikikosewa tutaangalia mfuko wa meneja, hatutaangalia kitabu." Nilikataa kumwelewa siku ile, na leo najua aliona mbali kuliko sisi wote. Meneja anayelipa kosa kwa mfuko wake analifunga haraka mno. Watu wanapata fedha, na mlango uliopitisha kosa unabaki wazi kama ulivyokuwa.

Sasa niseme ninachokiona mimi katika kisa hiki, maana nimekisimulia katika semina za vijana na mara nyingi wanachukua jambo ambalo silo. Wanasema somo ni kuwa makini na kompyuta. Ni kweli, weka majina na mifuko kwenye jedwali moja lisilo na safu tupu, linganisha mistari kumi ya kubahatisha na karatasi ya asili kabla ya kulipa. Lakini jedwali jingine litakuja, na mfumo mwingine. Vyama vyetu vinaingizwa kwenye MUVU, mfumo wa serikali wa kusimamia vyama vya ushirika, na ni jambo jema. Mfumo wowote utakubali namba isiyo sahihi ikiingizwa kwa adabu.

Wengine wanasema somo ni kuheshimu wazee. Hapo ndipo ninapowasimamisha. Kijana yule alimwamkia karani shikamoo kila asubuhi tangu siku aliyofika. Alimwita mzee. Alimpisha kiti. Hata katika lile jibu baya, neno "mzee" lilikuwemo. Heshima ya mdomoni ilikuwa kamili, na ndani yake mzee alikuwa amegeuzwa pambo la ofisi: anasalimiwa, haulizwi. Heshima iliyotakiwa pale ilikuwa kuvuta kitabu karibu na kusoma mstari mmoja. Ingechukua dakika mbili.

Nawaelewa vijana kwa nini hawauvuti. Umri wako ni mdogo, watu wanakupima, unahisi ukikubali kosa moja mbele ya wakulima wawili umekwisha. Kwa hiyo unajificha nyuma ya kitu ambacho wao hawakijui, kompyuta au cheti au lugha ya chuoni. Kinakulinda kwa siku chache kweli. Huku Urambo lakini tuna kumbukumbu ya namna hiyo ya kujua. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wao wa karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa hapa Urambo, wakiwa na matrekta na mahesabu ya ekari yaliyokwisha kufanywa kabla ardhi na mvua havijaulizwa. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, na tumbaku ndiyo iliyokuja kushika mashamba ya Urambo. Baba yake karani alikuwa kibarua kwenye mradi ule. Karani aliniambia baba yake alipenda kusema kwamba wale mabwana walikuwa wapole, walimpa kila mtu salamu, na hawakumuuliza mtu swali hata moja.

Msimu uliofuata meneja aliweka utaratibu ambao hakuna sheria inayomlazimisha. Kabla ya malipo yoyote, orodha ya kila kitongoji inasomwa kwa sauti kitongojini kwao, karani akiwa na kitabu. Malipo sasa yanachukua siku 15 badala ya tisa, na mwenyekiti alinung'unika. Meneja hakurudi nyuma. Mkataba wake uliongezwa kwa kura chache. Aliomba kazi benki moja Tabora mjini, akafika kwenye usaili, akaulizwa kosa kubwa alilowahi kufanya, akalisimulia hili lote. Hawakumchukua. Nilimuuliza kama alijuta kulisema, akasema angelisema tena.

Karani bado anamwita Bwana Meneja.

Katika usomaji wa mwisho niliohudhuria, chini ya mwembe ule ule, meneja alifika kwenye jina la yule mama na kusoma mifuko minne. Mama alikuwa amekaa nyuma, akibandua maganda ya karanga. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwaka huu mitano. Mmoja nilikuja kuuchukua mwishoni, jioni." Karani alifungua kitabu, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali. Meneja akapiga mstari mmoja juu ya nne, ili namba ya zamani iendelee kusomeka, akaandika tano juu yake, akaweka saini yake pembeni, akasogeza karatasi kwa karani aweke ya kwake.